Makumira: Chuo Kilichofinyangwa na Wanafunzi Wake

Sisi wa Nduruma dunia tunaigawa kwa barabara. Kuna juu ya barabara na kuna chini ya barabara, na barabara yenyewe haihitaji kutajwa jina: ni ile ya Arusha kwenda Moshi. Juu kuna mlima, migomba, kahawa na baridi ya asubuhi. Chini kuna vumbi, mahindi, maharage, mashamba makubwa ya maua na ugomvi usioisha wa zamu za maji ya mfereji. Mto Nduruma unashuka kutoka Meru, unaikatiza barabara, na unatufikia sisi wakati wa juu wameshakunywa na kumwagilia. Mito ya jirani ni hivyo hivyo: Tengeru, Makumira, Usa, yote hatimaye inaingia Kikuletwa.

Mmoja wa mito hiyo una jina moja na chuo. Kipo kama kilomita 20 mashariki mwa jiji la Arusha, kabla hujafika Usa River. Konda wa daladala hasemi Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Anagonga bati na kuita, "Makumira chuo, wa kushuka asogee!" Anayeshuka siku hizi ni kijana mwenye simu mkononi na begi mgongoni. Nilipokuwa mtoto, mwanafunzi wa Makumira alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa mzee kwetu: mwenye koti, baiskeli, mke na watoto watatu, anayetumwa usharikani Jumapili kuhubiri, na mama zetu wakimchinjia kuku. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba yule naye alikuwa anafanya mitihani na kuogopa kufeli.

Namna yule mwenye koti alivyogeuka kuwa huyu mwenye simu ndiyo habari ninayotaka kuisimulia.

Damu ya Akeri na upungufu wa wachungaji, 1896–1947

Ulutheri uliingia Meru vibaya. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa shirika la Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri muda mfupi tu baada ya kufika na kupiga kambi. Kisasi cha Wajerumani kilitoka Moshi, kikachoma nyumba na kuswaga mifugo. Misheni ilirudi miaka michache baadaye: Nkoaranga mwaka 1902, kisha Ilboru mwaka 1904. Kila kituo kilikuwa na kanisa na shule yake, na kusoma na kubatizwa vikawa karibu kitu kimoja. Hata leo Mmeru wa makamo akikwambia babu yake "alikuwa msomaji", ana maana alikuwa Mkristo.

Kasoro ya mpango ule ilijitokeza wakati wa vita. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Wakarudi katika miaka ya 1920, na ile ya pili ikawakusanya tena na kuwaweka kizuizini kuanzia mwaka 1939. Kwa mara ya pili sharika zilibaki mikononi mwa wainjilisti, walimu wa shule za vijijini na wachungaji Waafrika wachache, huku Wamarekani wa Sinodi ya Augustana wakihangaika kuziba pengo kubwa kuliko uwezo wao. Mzungu alionekana kuwa anaweza kuondolewa kwa telegramu moja. Mchungaji mzaliwa hakuondoleka, ila alikuwa hajaandaliwa wa kutosha.

Hapa nichepuke kidogo. Kabla Makumira haijawa chochote, ukanda huu ulishawahi kuwa na wanafunzi wa mbali. Kuanzia mwaka 1942 Tengeru ilipokea wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wakiwa kina mama na watoto waliopitia Siberia na Uajemi. Wakakaa katika vibanda vya mviringo karibu na Ziwa Duluti, wakaanzisha shule zao na kufundisha watoto wao kwa lugha yao. Makaburi yao bado yanatunzwa pale. Wazee wa Tengeru walizoea kuona madaftari ya wageni muda mrefu kabla ya chuo cha wachungaji.

Kutoka Lwandai, 1947–1954

Chuo chenyewe hakikuzaliwa Meru. Kilianza mwaka 1947 Lwandai, karibu na Mlalo, ndani kabisa ya milima ya Usambara. Mahali pazuri, mtu asibishe, lakini pa kufika kwa taabu. Mwanafunzi aliyetoka Bukoba alivuka ziwa kwa meli, akapanda gari moshi, kisha lori, kisha miguu. Wa kutoka Nyanda za Juu Kusini alisafiri siku nyingi kwa mabasi yaliyokwama masika yote.

Halafu siasa ya kanisa ikaingia. Walutheri wa Tanganyika walikuwa makanisa mbalimbali, kila moja likiwa na wamisionari wake wa Kijerumani, Kiswidi, Kimarekani au Kifini, na kila moja na desturi zake. Mwaka 1952 waliunda shirikisho. Shirikisho likitaka kuwa na maana lazima liwe na kitu ambacho wote wanakimiliki, na chuo cha wachungaji kilikuwa kitu hicho. Mwaka 1954 kikahamishiwa Makumira, kando ya barabara kuu, kati ya miji miwili yenye reli, katikati ya mashamba ya kahawa.

Wakati wenyewe haukuwa mtulivu. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea watu wake. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule, lakini nchi nzima ilijifunza kwamba malalamiko ya kijiji yanaweza kufika mbali. Wanafunzi waliofika Makumira mwaka 1954 walikuta majirani ambao kidonda chao kilikuwa bado kibichi. Mhubiri mgeni aliyesimama kwenye sharika za hapa akaanza kusema habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu hakuhitaji kufafanua.

Wanafunzi wenye wake na watoto

Maisha ya chuo cha mwanzo yalikuwa ya kijiji kidogo. Wengi wa wanafunzi walishakuwa walimu au wainjilisti kwa miaka kabla ya kupelekwa na makanisa yao. Hakuna aliyejilipia, na hakuna aliyejichagulia fani. Kanisa lilikuteua, likakutuma, likakungoja. Ukirudi bila cheti, hukuaibisha baba yako tu, uliaibisha jimbo zima.

Mke alikuja naye, au alifuata baadaye na watoto. Mke wa mwanafunzi alitazamwa kama mama mchungaji mtarajiwa, na katika vyuo vya namna hii alifundishwa mambo yake: kushona, malezi, afya, kuongoza umoja wa wanawake. Leo tunaweza kulisema hilo kwa tabasamu la pembeni, na tuna haki. Lakini yafaa kukumbuka kwamba kwa mama aliyetoka kijiji cha Singida au Iringa, Makumira ilikuwa mara ya kwanza kukaa ukuta kwa ukuta na Mhaya, Mpare, Mnyakyusa na Mmasai. Jikoni ndiko umoja wa Walutheri ulikofanyika kabla ya vikao. Mmoja alipika matoke, mwingine akashangaa ndizi haikuchomwa. Mmeru wa jirani alileta loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, na wa pwani ya Uzaramo akauliza kama yameharibika. Watoto wao walicheza pamoja kwa Kiswahili, na wengine walirudi kwao likizo hawajui tena kumwamkia bibi kwa kilugha.

Darasani mambo yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Kigiriki, historia ya kanisa, mafundisho ya Luther, mengi yakiwa yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya ya kaskazini. Mwanafunzi alijifunza mabishano ya karne ya 16 kuhusu Meza ya Bwana kwa bidii, kisha Jumapili akaenda usharikani akaulizwa kama mtu anaweza kushiriki chakula cha matambiko ya ukoo. Jibu halikuwa kwenye kitabu.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yakaungana kuwa kanisa linaloitwa leo KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mkuu wake wa kwanza akiwa Askofu Stefano Moshi. Chuo sasa kilikuwa mali ya kanisa moja la nchi huru, na swali la mtaala wa nani likawa haliepukiki tena.

Mwalimu aliyeomba nyimbo

Jibu bora la swali hilo halikuja kwenye mtaala. Lilikuja kwenye kuimba.

Katikati ya miaka ya 1960 alifika Makumira mwalimu aitwaye Howard Olson. Alizaliwa Minnesota mwaka 1922, akafika Tanganyika mwaka 1946, akaishi miaka mingi kati ya Wanyaturu wa Singida, na Kinyaturu alikijua kiasi cha kuandikia kitabu cha kitaalamu cha sarufi yake. Alikuwa mtu wa lugha, na masikio yake yalimsumbua kanisani.

Kilichomsumbua tunaweza kukisikia wenyewe. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: *Mu*-ngu, *Ye*-su, mwo-*ko*-zi. Nyimbo nyingi za Kijerumani na Kiingereza zinakomea kwenye pigo la nguvu. Ukitia maneno ya Kiswahili ndani ya mahadhi hayo, mstari unaishia Mu-*ngu*, Ye-*su*, kama anavyotamka mtalii siku yake ya kwanza. Vizazi vya Wakristo vilikua vikiimba hivyo bila kujali, kwa sababu wimbo wa kanisa ulipaswa kuwa wa ajabu. Ngoma, kwa upande wake, ilishaitwa ya kipagani ikaachwa mlangoni.

Olson aliwaambia wanafunzi walete nyimbo za makwao. Siyo za kanisani: za harusi, za kazi, za kubembeleza mtoto, za kusifu. Hebu fikiria darasa lile. Watu wazima waliokwisha kukemewa utotoni kwa kucheza ngoma wanaombwa na mwalimu Mzungu waziimbe mbele ya wenzao. Wapo walioona haya. Mhaya anaanzisha, anatoa sauti ya kiongozi, na wenzake ambao hawajui neno hata moja la Kihaya wanaokota kiitikio mara ya pili kwa sababu kiitikio kimetengenezwa ili kiokotwe. Kisha inakuja kazi ya mezani: kuandika mahadhi kwa noti, kutafuta maneno ya Kiswahili ambayo mkazo wake unakaa mahali pake, kufuta, kuimba tena.

Kutoka kwa wanafunzi wa miaka hiyo zilitoka nyimbo mbili ambazo sasa zimesafiri kuliko wachungaji wengi. Bernard Kyamanywa, kijana aliyezaliwa mwaka 1938 upande wa Ziwa Viktoria, aliandika wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya". Wilson Niwagila, naye wa huko huko, alitunga "Njoo kwetu, Roho mwema", ambao baadaye Mnorwei Egil Hovland aliupangia sauti. Olson alizitafsiri kwa Kiingereza, na zikaingia katika vitabu vya nyimbo vya Ulaya na Marekani. Mkusanyo mzima wa nyimbo za namna hiyo ulitolewa kwa jina *Tumshangilieni Mungu*.

Mwaka 1968 chuo kilianzisha pia jarida la kitaalamu, *Africa Theological Journal*, kwa Kiingereza. Lilikuwa jarida zuri, na wasomi wanalitaja mpaka leo. Lakini nitasema wazi: waumini wa Nduruma hawajawahi kulisoma, na Pasaka haijawahi kupita bila wimbo wa Kyamanywa. Kazi ya walimu ilikwenda maktaba, kazi ya wanafunzi ikaenda mdomoni.

Dar wanaandamana, Makumira wanalima

Wakati hayo yakiendelea, wanafunzi wa Dar es Salaam walikuwa kwenye habari. Oktoba 1966 waliandamana wakiwa na majoho yao kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Miezi mitatu baadaye Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha mjini, Kaloleni, na Februari 5, 1967 Azimio la Arusha likatangazwa. Ujamaa ulipitishwa umbali wa safari moja ya basi kutoka bweni la Makumira.

Chuo hakikuandamana. Mwanafunzi wa theolojia alikuwa na umri mkubwa mno, familia kubwa mno, na askofu karibu mno. Hata hivyo Azimio liliwagusa, maana nusu ya maneno yake yalifanana na mahubiri yao: usawa, kazi, kutonyonya. Kulikuwa na wachungaji walioupokea ujamaa kama Matendo ya Mitume sura ya pili, na wengine walionong'ona kwamba mitume hawakuhamisha watu kwa malori.

Mwaka 1977 ulileta mambo mawili yanayopingana. Juni, Shirikisho la Walutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Ikafuata vita vya Kagera, na baada ya vita ikafuata njaa ya bidhaa. Aliyeishi Arusha wakati ule anakumbuka sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kupikia yaliyopenya Namanga usiku, na foleni ya sukari iliyoanza kabla jogoo hajawika. Mwanafunzi mwenye watoto wanne aliandika insha juu ya neema huku akiwaza kipande cha sabuni. Waliookoka ni wale waliokuwa na kishamba nyuma ya nyumba.

Wanawake waliosoma bila mimbari

Kuna kundi ambalo simulizi za chuo huwa zinalipita haraka, nami sitaki kulipita. Kuanzia miaka ya 1970 na hasa ya 1980, wanawake walikaa darasani Makumira siyo kama wake wa wanafunzi bali kama wanafunzi. Walisoma Kigiriki kile kile, wakafanya mitihani ile ile, wakijua kwamba mwisho wa yote wenzao wa kiume watawekewa mikono na wao watapewa kazi ya kufundisha dini shuleni.

Mmoja wao alikuwa Anna Mghwira, mzaliwa wa Singida. Alisoma theolojia Makumira katika miaka ya 1980, kisha akaenda Dar es Salaam kusoma sheria, baadaye Essex, Uingereza. Mwaka 2015 alisimama kugombea urais kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, mwanamke pekee kati ya wagombea wanane, na mwaka 2017 akawa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Alifariki Julai 2021, Arusha. Waliomsikia jukwaani walishangaa utulivu wake, namna alivyojenga hoja bila kupiga kelele. Mimi sikushangaa. Mtu aliyesomea kuhubiri akanyimwa mimbari hujifunza kupima maneno.

KKKT iliamua kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na dayosisi zikafuata kila moja kwa mwendo wake. Bwenini mabadiliko yalikuwa ya papo kwa papo. Mwanamke mwenye vitabu vyake na ratiba yake hakuwa tena kioja, na wale wanaume waliozoea kufuliwa mashati ilibidi wajue pasi iko wapi.

Miaka hiyo hiyo ukanda wetu uliwaka moto. Wameru waligombana juu ya dayosisi yao, wengine wakitaka kujitenga na Dayosisi ya Kaskazini, wengine wakikataa. Ndugu hawakusalimiana, makanisa yaliharibiwa, na kundi moja likaondoka kabisa kwenye KKKT. Dayosisi ya Meru ilipatikana mwaka 1992. Chuo kilikuwa katikati ya uwanja wa vita, mali ya kanisa zima lakini juu ya ardhi ya wagombanao, na mwanafunzi aliyetumwa kuhubiri Jumapili alipaswa kwanza kujua anahubiri upande upi.

Tumaini, mikopo na shule za kata

Badiliko kubwa kuliko yote halikutoka kanisani. Katikati ya miaka ya 1990 serikali, ambayo tangu uhuru ilikuwa imeshika elimu ya juu peke yake, iliruhusu watu binafsi na mashirika kuanzisha vyuo vikuu. KKKT haikulala. Iliunda Chuo Kikuu cha Tumaini, kikiwa na matawi yake: Iringa, KCMC ya Moshi kwa udaktari, na Makumira. Kwa miaka kadhaa Makumira ilibaki ya theolojia tu, ndugu mzee mwenye heshima na wanafunzi wachache, wakati Iringa ikijaa vijana wa uandishi wa habari, biashara na sheria.

Halafu mambo matatu yalifuatana kwa haraka. Mwaka 2004 ulianza mpango wa serikali wa kupanua sekondari, na shule za kata zikaota nchi nzima, pamoja na hapa kwetu Nduruma, Mlangarini na Bwawani. Shule zilikuwa na kuta na wanafunzi, hazikuwa na walimu. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ilianza kazi, na ikakopesha hata wa vyuo visivyo vya serikali. Mwaka huo huo sheria mpya ya vyuo vikuu ikaleta tume ya kuvisimamia. Ukiunganisha hayo, hesabu inajifanya yenyewe: nchi inataka walimu, kijana ana wa kumlipia ada, na kanisa lina majengo kando ya lami. Makumira ikafungua ualimu, sheria na muziki. Ndani ya miaka michache theolojia ikawa kikundi kidogo nyumbani kwake.

Sura ya bweni ilibadilika kabisa. Mwanafunzi mpya ana miaka 20, hana mke, hana askofu aliyemtuma, na huenda si Mlutheri. Wakatoliki, Wapentekoste na Waislamu wanapanga foleni moja ya chakula. Akaja na lugha yake. Kusoma kwa nguvu ni *kupiga msuli*. Maandishi ya kunakiliwa ni *desa*. Kurudia mtihani ni *sapu*, kufukuzwa kwa kufeli ni *kudisko*, na meza za zege ambazo watu husomea nje ni *vimbweta*. Vyumba vya chuo vilipojaa, watu walibebana wawili kitanda kimoja, wengine wakapanga mageto mitaani. Wenyeji wenye akili waliacha kulima nusu eka ya mahindi wakajenga vyumba sita vya bati.

Lakini neno kubwa kuliko yote ni *bumu*, fedha ya kujikimu ya mkopo. Kabla halijatoka, uchumi wa Makumira unaendeshwa na daftari. Kwenye kibanda cha mama ntilie daftari hilo lina kurasa za mafuta: jina, wali maharage, tarehe, jina, chipsi mayai, tarehe, pembeni alama ya wale wenye maneno mengi. Siku inapopita fununu kwamba watu wanasaini, mama anajua kabla ya mkuu wa chuo. Mashine ya kutolea fedha Usa River inapata foleni, bodaboda wanapandisha bei, nyama choma inanuka mpaka barabarani. Mama anakaa na kalamu, anakata majina mmoja mmoja. Wiki tatu baadaye daftari linafunguliwa ukurasa mpya.

Wanafunzi wa sheria walikuwa na bahati moja ambayo wenzao wa miji mingine hawakuwa nayo. Hadi mwisho wa mwaka 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikuwa Arusha mjini. Kesi za mauaji ya kimbari, zilizosomwa vyuoni duniani kote, zilisikilizwa umbali wa nauli ya daladala.

Na muziki? Hapo kuna jambo linalonifurahisha. Kitu ambacho Olson alikifanya na watu wazima wenye haya sasa kina shahada. Kijana anatahiniwa kwa kupiga marimba na ngoma, kwa kuandika noti za mahadhi ya nyumbani kwao. Pita jioni utasikia tarumbeta, zeze na kwaya zikigombea hewa moja.

Baada ya wimbi

Wimbi lilipungua. Kuanzia mwaka 2016 vigezo vya kuingia chuo kikuu vilikazwa, mikopo ikaelekezwa zaidi kwenye sayansi, na ajira za walimu wa masomo ya sanaa zikakauka. Vyuo binafsi vingi nchini vilitikisika. Tumaini yenyewe ilishaanza kugawanyika: Iringa ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013, na jina Tumaini likabaki limeshikana na Makumira. Jirani zake Tengeru nao walibadilika. Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia ilianza kupokea wanafunzi wa shahada za juu mwaka 2011. Barabara ikapanuliwa njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, na mwanafunzi aliyekuwa akilala Makumira kwa lazima sasa anaweza kukaa mjini na kuja asubuhi.

Machi 2020 vyuo vyote vilifungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni 1. Kwa miezi ile miwili na nusu vyumba sita vya bati vilikaa vitupu, na mama ntilie akarudi kuuza ndizi soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi. Madeni ya daftari, aliniambia mmoja, aliyasamehe yote isipokuwa ya wawili aliokuwa nao ugomvi.

Vijana wa ualimu bado wanashuka huku chini kwa mazoezi ya kufundisha. Wanafika Nduruma na viatu vinavyong'aa, na kufikia Ijumaa viatu na vumbi vimeshapatana. Watoto wanawaita "tichaa". Hakuna anayewachinjia kuku, ila wengine wanaongoza kwaya jioni, na ndipo nilipomsikia mmoja akifundisha sauti ya tatu ya "Mfurahini, Haleluya". Nilimuuliza nani aliutunga. Alisema ni wimbo wa zamani, wa kitabuni. Hakujua kwamba ulitungwa na mwanafunzi wa chuo chake mwenyewe.

Ndiyo maana nina ombi. Kama baba au babu yako alisoma Makumira kati ya mwaka 1954 na miaka ya 1980, huenda sandukuni kuna daftari la noti, picha ya darasa, barua alizomwandikia mama yako kutoka bwenini. Mchwa wa Meru hawachagui karatasi. Mwambie mjukuu azipige picha, uandike majina nyuma ya kila picha ungali unayakumbuka, kisha upeleke nakala maktaba ya chuo.